Kadi ya damu isiishie kwenye kisigino cha mtoto

Duka la dawa la mtaani kwangu hapa Dundee, Uskoti, lina chumba kidogo nyuma ya kaunta. Mtu anaingia, anachomwa kidole, matone yanajazwa kwenye viduara vya karatasi nene. Karatasi ikikauka inatumwa maabara kutafutwa homa ya ini.

Kadi ile naijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati huko Newala, na alikuwa akizipanga zikauke mezani huku akitukataza kuzigusa. Zilikuwa za watoto wachanga wa akina mama wenye VVU. Kinga ya mama hubaki kwenye damu ya mtoto hata miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida, kinachotafuta kinga hiyo, kinaweza kudanganya. Lazima kitafutwe kirusi chenyewe, kwa mashine iliyo mbali.

Huku wanaitumia kwa sababu ambazo kwetu si kubwa. Wengi wanaopimwa waliwahi kujidunga dawa za kulevya, mishipa imechakaa, na hospitali hawaendi. Akikutwa na homa ya ini C, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Sisi Kusini mwa Tanzania mishipa tunayo, tunachokosa ni njia. Damu ya kwenye chupa inataka ubaridi na haraka. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika. Kadi iliyokauka vizuri ingesubiri bila kuharibika.

Mjomba wangu alikufa kwa ini. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano, majirani wakasema karogwa. Homa ya ini B iligundulika wiki chache kabla hatujamzika. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio tunaolima na kupulizia mikorosho, tulikua bila chanjo hiyo. Nani anatutafuta? Kadi ile ile ya watoto ingetufaa na sisi watu wazima.

Najua nitaambiwa kipimo cha haraka kipo. Kipo, na kianze hicho. Lakini kinakujibu unacho au huna, basi. Wingi wa virusi, ambao daktari huutazama anapoamua nani aanze dawa, unapimwa kwa mashine, na mashine haiwezi kuwekwa kila kata. Kadi inaweza kufika kila kata, na wauguzi wetu wanaifahamu. Haikosi upungufu: damu yake ni kidogo, virusi vikiwa vichache sana vinaweza visionekane.

Halafu kuna unyevu. Mama anasema kuchoma kisigino hakukumsumbua kama kukausha kadi wakati wa masika: saa kadhaa kivulini, pasipo vumbi, ndipo aifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kufyonza maji, kama vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Juzi nilimsimulia kwa simu habari za duka la dawa la huku. Hakuuliza kuhusu mashine. Aliuliza, "Majibu yanarudi lini, mwanangu?" Kisha akanikumbusha akina mama waliotembea kuja kuuliza majibu ya watoto wao, wiki baada ya wiki, hadi wengine wakaacha kuja.