Zanzibar ina mstari wake Göteborg

Kila ifikapo Machi, makundi yetu ya WhatsApp huwaka moto kwa jambo lile lile. Ripoti ya demokrasia imetoka, Tanzania imetiwa kapu la tawala za kiimla zenye uchaguzi, na watu wanauliza nani kawapa Wazungu mizani. Mimi nilikuwa kundi la waliokasirika. Baadaye nikaja kujua kwamba mizani yenyewe imewekwa mji huu huu ninaoishi, vituo vichache vya tramu kutoka kwangu, ndani ya Chuo Kikuu cha Göteborg, Sweden. Mradi unaitwa V-Dem, kifupi cha Varieties of Democracy, na data yake anaipakua yeyote atakaye, bila ya senti.

Nikaipakua usiku mmoja nilipotoka kazini. Tanzania nikaiona. Nikateremka hadi karibu na mwisho wa orodha, na pale, kati ya Zambia na Zimbabwe, nikakuta Zanzibar. Haikufichwa ndani ya Tanzania wala haikuandikwa kama mkoa. Ina mstari wake peke yake, na alama zake mwaka baada ya mwaka. Mzanzibari mwenzangu anajua kwa nini nilisimama nikaenda kuchemsha chai. Umoja wa Mataifa hatuna kiti. CAF walitupa uanachama Machi 2017, na Julai ya mwaka huo huo wakatunyang'anya. Kumbe Sweden kuna faili linalotuhesabu.

Basi nikasoma wanavyofanya, kwa sababu ukishajiona kwenye hesabu unataka kujua mhesabu ni nani. Nilidhani ni Wasweden watano na birika la kahawa. Sivyo. Wana wataalamu zaidi ya 3,500 duniani kote, na wengi wao wanatoka au wanaishi katika nchi wanazozijibia. Kila swali kwa kila nchi hulengwa lijibiwe na watu wasiopungua watano. Maswali ni kama haya: ukitazama kabla ya kura, siku ya kura na baada yake, uchaguzi ulikuwa huru na wa haki? Unachagua jibu kuanzia 0, hapana kabisa, hadi 4, ndiyo.

Sasa, sote tuliosoma skuli tunajua kuna mwalimu ambaye arubaini yake ni sawa na sabini ya mwengine. Hilo wamelifikiria. Wataalamu hupewa visa vya nchi za kubuni, vile vile kwa wote, wavitolee alama. Kwa hapo huonekana nani mkali na nani mlegevu, kisha hesabu hurekebishwa. Na faili halitoi namba moja tu, linatoa pia kiwango cha chini na cha juu ambamo ukweli unaweza kuwa. Magazeti yetu huiokota ile ya katikati wakaipigia kelele kama matokeo ya mpira.

Si wapimaji wote walio hivi. Freedom House ya Marekani huipa nchi alama kati ya 100, 40 za haki za kisiasa na 60 za uhuru wa raia, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwenye serikali ya Marekani. Anayeitilia shaka simlaumu. Wenzao wa jamii ya gazeti la The Economist, London, huuliza maswali 60 tangu 2006, na wanaoyajibu hawatajwi. Lakini kichekesho chenyewe kiko kwa Polity, kipimo kinachotoka hasi 10 hadi 10, ambacho wasomi wamekitumia kwa miongo. Humo Uswisi ina 10 kamili tangu 1848. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa mwaka 1971! Nusu ya familia imefungiwa nje ya mlango kwa miaka zaidi ya mia na ishirini, na nyumba imepewa alama zote.

Hapo ndipo unapoona kwamba ugomvi hauko kwenye hesabu. Uko kwenye maana. Robert Dahl, msomi wa siasa wa Marekani, mwaka huo huo wa 1971, alisema tutazame mambo mawili: kuna ushindani wa kweli, na ni wangapi wanaoruhusiwa kuingia katika ushindani huo. Polity wakalishika la kwanza wakaliacha la pili. V-Dem wanapima yote mawili, kisha wakaongeza sheria inayomzuia mtawala, ushiriki, mashauriano na usawa. Orodha imerefuka mpaka ina maswali mamia.

Mimi aliyenikamata ni Adam Przeworski, msomi wa siasa, Mpoland aliyehamia Marekani. Yeye anasema demokrasia ni mfumo ambao vyama hushindwa uchaguzi. Basi. Yeye na wenzake walipopanga nchi waliweka sharti gumu: kama chama tawala hakijawahi kushindwa kikaondoka, hatuwezi kujua kama kingekubali, kwa hiyo nchi hiyo hatuiandiki kuwa demokrasia. Botswana, mwanafunzi bora wa Afrika, ikaanguka mtihani huo, maana chama kilichoshika nchi tangu 1966 hakikuwahi kuonja kushindwa. Watu waliona ni uonevu. Mwaka 2024 chama kile kikashindwa, na Rais Masisi akakubali hata matokeo yote hayajatangazwa. Ndipo ikajulikana.

Nyumbani kuna hoja moja ambayo nimeisikia tangu utoto: chama kukaa muda mrefu si kosa, ni mapenzi ya watu. Na huku Sweden kuna ushahidi wake mzuri kabisa, nashangaa makada wetu hawautumii. Chama cha Social Democrats kilishika serikali hapa kuanzia 1932 hadi 1976, miaka 44, ukitoa miezi michache ya 1936. Miaka 44! Mtu alizaliwa, akaoa, akapata wajukuu, chama ni kile kile. Kwa hiyo urefu peke yake hauthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni Septemba 1976, waliposhindwa wakatoka, wakakaa upinzani miaka sita, kisha wakarudi kwa kura.

Mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Septemba 2022 nilikuwa kwa mzee mmoja ambaye maisha yake yote amekipigia kura chama hicho hicho. Matokeo yalikuwa viti 176 kwa 173. Viti vitatu! Uchaguzi ulifanyika Jumapili, na Jumatano Waziri Mkuu Magdalena Andersson akatangaza kujiuzulu, hata kura za mwisho hazijamalizwa kuthibitishwa. Mzee alikuwa anatazama televisheni. Akasema, "Tumeshindwa," kisha akaniuliza kama nimekumbuka kumnunulia maziwa ya kahawa.

Nilikuwa nikimvua viatu, na akili yangu ilikuwa Oktoba 2015. Tulipiga kura tarehe 25. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatangaza kwamba uchaguzi wote umefutwa, matokeo ya majimbo mengi yakiwa yameshabandikwa. Pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, ambapo watu hawanyamazi hata wakiwa na kahawa mdomoni, palikuwa kimya. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, upinzani ukasusia, mshindi akatangazwa kwa asilimia 91.4. Visiwa hivi hivi ambavyo mwaka 1995 vilitoa 50.2 kwa 49.8, na 2010 vikatoa 50.1 kwa 49.1, mara hii vimekubaliana kama jamaa mskitini.

Ndiyo maana kuna mjadala wa wasomi ambao nimeufuatilia kwa hamu. Andrew Little na Anne Meng, wote wa vyuo vya Marekani, wanasema ukihesabu vitu vinavyoonekana, kama vile watawala kushindwa kwenye kura, huoni kwamba dunia imeharibika kwa kiasi wanachosema wataalamu wa V-Dem. Huenda wataalamu wameingiwa na huzuni tu, na huzuni yao inaingia kwenye alama. Ni hoja ya watu makini. Lakini mtawala wa leo naye amekwenda skuli. Haibi tena sanduku saa nane usiku ikiwa anaweza kumwondoa mpinzani kwenye karatasi mapema. Oktoba 2025 mgombea wa CCM wa urais wa Muungano alitangazwa kupata karibu asilimia 98, chama kikuu cha upinzani kikiwa hakimo kwenye karatasi, kiongozi wake akiwa rumande kwa kesi ya uhaini, na intaneti imezimwa. Kwenye hesabu ya vitu vinavyoonekana, uchaguzi umefanyika na aliyekuwepo kashinda. Inabidi awepo mtu anayejua kwetu kunakwendaje, ndipo alama iwe na maana. Kwa hilo nimehama kundi, na kwenye WhatsApp wameshaniita majina.

Malalamiko yangu ni mengine. V-Dem wana swali juu ya ubora wa daftari la wapiga kura, na ni swali zuri. Baba yangu alikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, mara nne kutafuta barua ya kumwezesha kuandikishwa. Mara sheha kasafiri, mara njoo na shahidi, mara wewe si mkaazi wa shehia hii, yeye ambaye kazaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mara ya tano hakwenda. Katika faili, hayo yote ni sehemu ya desimali moja. Najua haiwezekani kuandika kila baba. Lakini ukiitazama ile desimali huoni mzee anayerudi nyumbani akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya mvua, akisema haidhuru.

Huku mimi si raia. Sweden inamruhusu mgeni aliyeandikishwa kuwa mkaazi kwa miaka mitatu mfululizo kupiga kura ya manispaa na ya mkoa, na wamefanya hivyo tangu 1976. Sikwenda kwa mtu. Kadi ya kura ilikuja kwa posta pamoja na bili ya umeme. Nilikwenda nayo kituoni siku ya kura, nikakuta karatasi za kila chama zimepangwa kwenye rafu, unachukua unayoitaka. Zamani ulikuwa unachukua mbele za watu, kila aliye kwenye foleni anakuona. Kizuizi kimewekwa miaka ya karibuni tu. Nchi inayokaribia alama kamili kila mahali, na hilo lilikuwa limewapita! Kwetu mtu angeokota karatasi yake mbele ya watu mara moja tu, na kesho yake mtaa mzima ungejua.

Chama nilichokipa kura manispaa kilifanya vibaya. Nilimpigia baba kumsimulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mmeshinda?"

"Tumeshindwa."

Akanyamaza kidogo. "Wamekufanya nini?"

"Hawajanifanya kitu, baba. Nimekwenda kazini."

"Na hiyo kadi ulikwenda kuichukua kwa nani?"

Nikamwambia imeletwa nyumbani, imetumbukizwa mlangoni. Akaniuliza tena kwa sauti ya chini, ile sauti wanayoizungumzia mambo haya kule, kama nina hakika hakuna mtu aliyenijua jina akanipelekea. Nikamwambia ninayo hapa mezani. Akasema, "Ipige picha, nitumie."