"Sijaelewa, mwalimu"

Wiki iliyopita nilikuwa nimejibana kwenye kiti kidogo cha darasani hapa Göteborg, nikamsikia binti yangu wa miaka 10 akimwambia mwalimu wake: "Kugawanya kule sikuelewa, ulieleza haraka." Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumkanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu akamshukuru, akaandika.

Huku Uswidi mwalimu anapokutana na mzazi, mtoto naye yumo, na mara nyingi ndiye anayeongoza mazungumzo. Anafungua daftari, anaonyesha anachokiweza na kinachomshinda. Huyu wangu alipoanza shule alikuwa haachii nguo yangu, hata jina lake halitaji. Wiki iliyopita, tulipotoka kwenye kikao hicho, nililia kwenye tramu wakati wa kurudi.

Mimi nimesoma Ujiji, Kigoma, mnajua ilivyo. "Tumeelewa?" "Ndiyo mwalimuuu!" Darasa zima kwa sauti moja, na nusu yetu hatujui hata tuko ukurasa gani. Aliyethubutu kusema hajaelewa aliitwa mbele, na kule mbele hakupewa maelezo. Miaka saba nimeitikia "ndiyo" hiyo.

Najua mtakayosema: amefika Ulaya amesahau kwao, anataka watoto wasio na adabu. Binti yangu akishika simu ya bibi yake, neno la kwanza ni shikamoo, na hakumbushwi na mtu. Adabu naitaka kuliko ninyi, maana ninyi mnasaidiwa na mtaa mzima, mimi huku naifundisha peke yangu. Lakini mtoto kusema hajaelewa, hapo amemvunjia nani heshima?

Mwingine ataniambia fimbo ndiyo iliyotufikisha hapa. Uswidi walikataza kumchapa mtoto hata nyumbani tangu 1979, na watoto wao wanasoma. Kwetu Tanzania kanuni za 2002 za adhabu ya viboko shuleni zinasema visizidi vinne. Wewe unayenibishia, umewahi kumwona anayehesabu? Mimi sikujifunza kugawanya kwa fimbo. Nilijifunza kunyamaza.

Na asinisingizie mtu kwamba nawaona watoto wa Kigoma waoga. Likizo ya mwaka jana tulikwenda mwaloni Kibirizi, ufukweni wanakouzia samaki, na mtoto wa kaka yangu, wakati ule yuko darasa la saba. Mama wa dagaa akajaza kopo nusunusu. Kijana akamwamkia vizuri, kisha akamwambia, "Mama, hili halijajaa." Wakavutana, Kiha kikaingia, Kiswahili kikarudi, mpaka tukaongezwa konzi mbili. Binti yangu, yule wa kumkosoa mwalimu, alikuwa nyuma ya mgongo wangu kimya kabisa. Siku ile nilijivunia kwetu kweli kweli! Watu wazima walimsikiliza mtoto, na hakuna aliyeona amekosa adabu.

Kwa hiyo sauti anayo. Mtoto anayejua kudai haki yake ya dagaa mbele ya watu wazima anafika mlango wa darasa anakuwa bubu, na hilo ndilo linaloniuma. Msiniambie ni umaskini tu. Wingi wa watoto darasani naujua, na mwalimu wa kwetu namhurumia, mzigo wake haubebeki. Ila kumwacha mtoto aseme "hapa nimepotea" hakununuliwi dukani, na hakusubiri bajeti.

Januari kijana yule ameanza kidato cha kwanza. Juzi nilimpigia, nikamuuliza masomo yanaendaje. "Mazuri, shangazi. Tunaelewa." Nikaijua ile sauti. Nikamwambia, nitajie kitu kimoja tu ambacho hujakielewa, sitakukasirikia. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shangazi, tangu tuanze kufundishwa kwa Kiingereza hata Hisabati siielewi. Usimwambie baba."