Kilomita 11 za mechi si mita 1,500 za riadha

Kuna mwandishi kaandika eti kiungo wa soka anayemaliza mechi akiwa amekimbia kilomita 11 anaweza kuingia uwanja wa riadha leo hii na kumaliza mita 1,500 chini ya dakika 4! Hapo mwandishi kachemka. Kilomita 11 kwa dakika 90 ni wastani wa kilomita 7 na kitu kwa saa, na humo ndani kuna kutembea, kusimama kusubiri kona, kisha kuchomoka mita 20 au 30. Dakika 4 maana yake kila mzunguko wa mita 400 ni sekunde 64, na hakuna refa wa kupuliza filimbi ukapumua. Mkimbiaji wetu wa Tanzania, Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, 3:32.2, alikuwa anazunguka kwa sekunde kama 57, tena akiongoza tangu mwanzo. Huku Tanga nimewanoa vijana wa soka wa mtaa wa Ngamiani. Winga wetu mwenye mbio kuliko wote tulimshindanisha mita 800 na mwanafunzi mmoja wa sekondari, mkimbiaji wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Mzunguko wa kwanza winga akamwacha mbali, watu kelele. Kwenye mita 500 hivi miguu ikawa mizito, akapitwa kama amesimama. Mchezaji wa kulipwa asiyezoea mbio hizo mimi nampa mita 800 kwa 2:10, akijikaza sana 2:05. Akipewa miezi kadhaa na kocha wa riadha, hayo mengine. Nyie mliocheza ligi pale uwanja wa Mkwakwani, kuna aliyewahi kupimwa mita 1,500 kwa saa ya kocha? Alitoka na ngapi?