Zawadi za sikukuu: za kutengeneza mwenyewe au za Kariakoo?

Desemba ikianza tu kuna maneno lazima utayakuta kwenye status za watu: mwaka huu tusimalize hela madukani, tupeane vitu vya mikono yetu, hivyo ndo vina upendo. Mwezi wa Ramadhani ukielekea mwisho yanarudi yaleyale, zinabadilika picha tu. Mi kiukweli nusu nayakubali, nusu yananikera, na kinachonikera ni huo mpaka waliouchora kwamba dukani hakuna upendo afu jikoni ndo umejaa.

Tuanze na walipopatia. Lile kapu la sikukuu la supamaketi, lililozungushiwa nailoni ya kung'aa na utepe mwekundu, ndani biskuti za kopo, juisi, majani ya chai na jamu ambayo nyumba nzima hakuna anayeila, lile kapu halimjui mtu. Kuna mwaka kapu lilitoka kwetu likaenda kwa jirani, Boxing Day likaturudia kupitia kwa shemeji na utepe wake uleule, tukapokea tukashukuru tukaenda kuchekea chumbani. Sasa weka pembeni ya hilo kapu sahani ya futari, mi nimekulia Tanga na kule sahani ikitoka kwako kwenda kwa jirani hairudi tupu, itarudi na kalimati, itarudi na tambi, hata vipande viwili vya muhogo wa nazi, na aliyeleta anajua kabisa baba wa nyumba hii hali pilipili kwa hiyo sambusa zake kaziweka upande. Hapo kapu haligusi.

Ila hapohapo ndo watu wanaruka hesabu. Hivi mnajua visheti vya kugawa nyumba kumi vinakula nini? Unga, sukari, samli, iliki, mafuta ya kukaangia ambayo bei yake wote tunaijua, na mtungi wa gesi wa kilo 6 unaoamua kuisha saa tano usiku unga bado uko kwenye beseni. Na aliyesimama jikoni ni nani? Mara nyingi sio aliyepost ile status, ni mama, ni dada wa kazi, ni binti aliyekuja likizo kusalimia akajikuta anakata visheti siku mbili. Ukisikia mtu anasema zawadi ya mkono ni nafuu, ujue kuna muda wa mtu hajautia kwenye bei.

Afu kuna upande wa anayepokea, huu ndo hausemwi kabisa. Mi nimeolewa Marangu, kwa hiyo Desemba na mimi ni mmoja wa wale wanaosukumana na mabegi pale stendi ya Magufuli Mbezi kupanda mlimani. Mwaka wa kwanza nilimdarizia bibi yake mume wangu kitambaa cha meza, miezi miwili nadarizi, maua ya rangi nne. Bibi akakipokea, akanibariki, akakikunja vizuri akakiweka pembeni, afu akauliza taratibu, "Na sukari?" Siku ile niliumia jamani. Leo nikikaa nafikiria naona bibi alikuwa sahihi, kile kitambaa kilikuwa kinanitangaza mimi kwa ukoo, kwamba mke kapatikana ana mikono, yeye shida yake ilikuwa sukari, mche wa sabuni na mchele wa kupikia wajukuu waliojaa uani. Ingawa nisiwe muongo, hukohuko Uchagani kuna isale, jani tu la kuchuma, ukimkosea mtu ukampelekea hilo kuomba msamaha lina uzito ambao hakuna duka linaweza kuufunga kwenye boksi. Kwa hiyo sio kwamba vya bure havina thamani, ni kwamba inategemea mwenzio anasubiri nini kutoka kwako.

Kinachouvunja huo mpaka wao kabisa ni kanga. Kanga haitengenezwi nyumbani, inatoka kiwandani inauzwa doti, na bado hakuna zawadi ya karibu zaidi na mtu, sababu ya jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake. Mambo ya kuandika jina yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa chapa ya Mali ya Abdulla, ndo anatajwa sana kwenye hiyo historia. Tangu hapo mwanamke wa pwani hanunui rangi tu, anasoma. Mi nilinunua rangi. Nikampelekea wifi yangu doti ya kijani nzuri sana, nikaja kuambiwa siku ya pili kwamba imeandikwa Hasidi hana sababu. Wifi aliamini nimemtumia ujumbe, tulikuja kuongea vizuri Pasaka. Pembeni yake dukani kulikuwa na ya Wema hauozi, bei ileile, muuzaji yuleyule, ningetumia nusu dakika tu kusoma.

Hata hela, ambayo wengi wanasema ndo zawadi ya kivivu kuliko zote, mi naitetea. Mtoto wa Zanzibar siku ya Idd anapita kwa wakubwa kuomba mkono wa Idd, mpe kadi uliyoichora mwenyewe uone atakavyokuangalia. Na ukitumiwa elfu ishirini kwenye simu na mtu akaweka na ya kutolea, huyo kakaa akakufikiria mpaka umesimama kwa wakala, tofauti kabisa na anayetuma elfu ishirini kavu.

Mwaka huu bibi nampelekea sukari kilo tano, doti moja ambayo jina nimelisoma mara mbili na mume wangu kalisoma pia, na betri za redio, zile kubwa. Mwezi wa sita tukiongea kwenye simu alilalamika kidogo tu kwamba redio imekuwa inakoroma na vifo hasikii tena, anachelewa misiba ya watu. Betri nimezinunua kwa Mangi hapa nyuma ya nyumba, hata mfuko hakunipa.