Funguo mmempa nani?

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye arobaini ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya dua na pilau, wazee wa ukoo wakajifungia ndani. Walipotoka, ule mtungo wa funguo wenye kitambaa chekundu, tuliozoea kuuona kiunoni mwa binti yake, ulikuwa mkononi mwa kaka mtu aliyeshuka kwenye basi juzi. Binti yule ameuza misumari, saruji na mabati pale miaka 12. Anajua fundi gani hulipa mwenyewe na yupi lazima umfuate kwake alfajiri. Muda huo alikuwa uani anasuuza sahani. Hakuna aliyemwita.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mtu aliyenijia akilini ni Güler Sabancı wa Uturuki, mwanamke aliyekabidhiwa kuongoza kampuni ya ukoo wake.

Babu yake, Hacı Ömer, alitoka kijijini Kayseri kwenda Adana kutafuta kibarua kwenye pamba. Kutoka hapo ikaja biashara ya pamba, viwanda, benki ya Akbank, kisha saruji na matairi. Alizaa wana sita, wote wa kiume. Alipofariki mwaka 1966, usukani ukashikwa na Sakıp, aliyeongoza mpaka kifo chake Aprili 2004. Sasa tazameni hapo. Wadogo wa Sakıp wawili, Şevket na Erol, walikuwa hai. Vijana wa kiume walikuwepo kwenye ukoo. Aliyekabidhiwa kampuni nzima ni Güler, binti wa kaka yao mkubwa, İhsan.

Hawakumwonea huruma. Mwaka 1978, miaka 26 kabla ya siku hiyo, alianza kazi kwenye kiwanda cha matairi cha Lassa, Kocaeli. Akaja kuwa meneja mkuu wa Kordsa, wanaotengeneza nyuzi za kuimarisha matairi, kwa miaka mingi. Ukoo ulipotaka kujenga chuo kikuu, kazi ikawekwa mikononi mwake, na mwaka 1999 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Kwa hiyo siku ya msiba hapakuwa na haja ya kuuliza nani anaijua biashara. Walikuwa wamemwona akifanya kazi maisha yake yote.

Hicho ndicho kinachoniuma. Na yule binti wa duka wamemwona! Miaka 12 wamepita pale kukopa saruji, yeye ndiye aliyewaandikia. Mali bila daftari huisha bila habari, tunawafundisha watoto, halafu aliyeshika daftari tunamwacha jikoni.

Najua mtasema Güler alizaliwa tajiri. Ni kweli, na kusoma Chuo Kikuu cha Boğaziçi si bahati ya kila mtu. Tena sifurahii uchumi wa nchi kuwa mikononi mwa koo chache. Lakini utajiri ungempa hisa tu na maisha ya raha. Kiwanda cha matairi aliingia kufanya kazi.

Wengine mtaniletea dini. Mirathi inagawa mafungu, kila mtu achukue lake, sina ubishi. Wapi imeandikwa kwamba asiyejua bei ya nondo ndiye afungue duka asubuhi? Fungu la kaka libaki la kaka. Kazi apewe anayeijua.

Jana nilipita dukani. Kaka alikuwa kaunta na simu sikioni, anamuuliza dada yake bei ya mabati ya geji 30, na mteja amesimama anasubiri. Dada alijibu kila kitu bila kinyongo. Daftari la wadeni bado liko kwake, chini ya godoro.

Wazee wanakutana tena Jumapili kuzungumzia hesabu. Mimi si wa ukoo, ila marehemu alinikopesha mabati ya nyumba yangu ya kwanza. Nitakwenda, na nitaomba aitwe yeye kwanza.