Vuli kando ya Ziwa Superior: chagua rangi kabla ya kuchagua tarehe

Ndugu na marafiki wa hapa Minnesota, Marekani, wanaponiuliza habari za safari ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Superior, wengi huanza na hoteli. Mimi huwarudishia swali: majani yanapogeuka rangi kabla ya kudondoka, unataka kuona mekundu au ya njano? Hayo mawili hayamsubiri mgeni kwa siku moja.

Nililijua hilo kwa uchungu. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda gari katikati ya Oktoba, mimi, mama watoto na wanetu wawili, baada ya kuwaahidi vilima vyekundu kama makaa. Tulipofika, mekundu yote yalikuwa chini, yameshaoza kwa mvua. Binti yangu alinyamaza mpaka jioni. Sikuwa nimedanganya, ila sikuwa nimeuliza.

Barabara namba 61 hutoka Duluth hadi mpaka wa Kanada, kama kilomita 240, na sehemu kubwa inaambaa na maji. Ziwa limehifadhi joto la kiangazi, kwa hiyo ukingoni baridi huchelewa. Huko imejaa miti ya birch, ile yenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi, pamoja na aspeni. Hiyo hugeuka njano takriban wiki mbili za kwanza za Oktoba. Wekundu ni wa mepo, mti unaotoa ile shira ya kumwagia mkate wa asubuhi. Mepo wamekaa juu, kwenye vilima vya Sawtooth, mwendo mfupi tu kutoka majini, na kwa kawaida hupendeza zaidi wiki ya mwisho ya Septemba. Kwa hiyo anayeambaa na ziwa tu, bila kupinda kushoto na kupanda, atawakosa hata akija kwa wakati.

Kwa mekundu, nenda kilima cha Oberg, karibu na kijiji cha Tofte. Njia yake ni mzunguko wa kama kilomita tatu na nusu, watoto wanaimudu. Upande mmoja unaliona Superior, upande wa pili kuna kiziwa kidogo kilichozungukwa na mepo. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, maana Jumamosi hutapata pa kuegesha gari.

Jambo la pili ninalolishikilia: usijaribu kufika mpakani na kurudi siku hiyohiyo. Nimeona watu wanatoka Minneapolis alfajiri, wanapiga picha nne kwenye vituo vinne, wanarudi usiku wakisinzia kwenye usukani. Mwanzoni mwa Oktoba jua huzama kabla ya saa moja jioni, na paa huvuka barabara gizani. Lala Grand Marais, mji mdogo wa njiani, japo usiku mmoja, na chumba ukitafute tangu kiangazi.

Ukiwa Duluth, kabla hujaanza mwambao, panda Hawk Ridge. Mwewe wanaotoka Kanada hawapendi kuvuka maji mapana, hivyo hufuata ukingo kuja kusini na kukutana juu ya mji huo. Siku nzuri ya katikati ya Septemba hupita maelfu. Maporomoko ya Gooseberry nayo hayana kiingilio, na ukitaka kula, kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi njiani. Watu wa kanda ya ziwa mtajisikia nyumbani.

Mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pote ni Split Rock. Novemba 1905 dhoruba iliharibu meli nyingi katika ziwa hili, ndipo mnara wa taa ukajengwa juu ya jabali na kuwashwa mwaka 1910. Ulifanya kazi hadi 1969. Lakini kila tarehe 10 Novemba taa yake huwashwa tena kuwakumbuka mabaharia 29 wa Edmund Fitzgerald, meli iliyozama tarehe hiyo mwaka 1975. Mimi ni mtu wa Mwanza. Siwezi kusimama pale nisiikumbuke MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Viktoria Mei 1996, na foleni za watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Watoto wangu wamezaliwa huku; habari hiyo niliwasimulia kwa mara ya kwanza pale kwenye jabali, na nafurahi kwamba niliwasimulia mbele ya maji.

Kwetu vuli ni mvua. Huku ni majani yanayodondoka, na mwaka jana hatimaye tuliyaona yote mawili: Septemba tukapanda Oberg, Oktoba tukarudi kwa ajili ya njano, siku moja tu, tukaishia Duluth na Two Harbors. Binti alijaza mifuko ya koti majani.

Jioni tukampigia mama yangu simu ya video, kwao tayari usiku wa manane ila alikuwa hajalala. Nikamwonyesha ziwa. Superior lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,000, la kwanza duniani kwa maziwa ya maji baridi, na la pili ni hilohilo Viktoria lililo mlangoni pake. Sikumwambia hayo. Yeye aliuliza moja tu:

"Ng'ambo mnaiona?"

"Hatuioni, mama."

"Basi ni kama letu," akasema, akaniomba nisogeze simu karibu na mawimbi ayasikie.