Tabo au supachaja kwenye gari la spoti la zamani: mimi niko upande wa mkanda

Tangu nilipofunga supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa inayozungushwa kwa mkanda, kwenye Mazda MX-5 yangu, swali ni lilelile: mbona hukuweka tabo? Anayeuliza huwa keshapiga hesabu. Tabo inaendeshwa na moshi ambao ungetoka bure kwenye eksozi, inatoa farasi wengi zaidi, na siku hizi magari mengi mapya ya petroli yanatoka nayo kiwandani. Yote hayo ni kweli. Bado nasema kwamba kwa gari la spoti lililokula miaka thelathini, linalotembea barabarani na si mashindanoni, na ambalo bado lina pistoni zake za kiwandani na konrodi zake, yaani vyuma vinavyobeba pistoni, mkanda unafaa kuliko moshi.

Gari langu ni la mwaka 1992. Injini ni ya lita 1.6, nguvu farasi 115 lilipokuwa jipya, na uzito wake haufiki tani moja. Siku nilipoamua kuliongezea nguvu nilianza na geji ya kompresheni, inayopima presha ndani ya kila silinda. Niliipasha injini moto, nikachomoa plagi zote nne, nikakata umeme wa pampu ya petroli, nikafunga geji kwenye tundu la kwanza, kisha nikamwambia mdogo wangu akanyage mafuta mpaka chini huku akipiga stata. Silinda tatu zilisoma baa 12 na ushei. Ya nne ikasoma 9. Nikatia oili kijiko kimoja kwenye tundu lake, nikapima tena, ikapanda mpaka 11. Oili ikiinua kipimo namna hiyo, valvu ni nzima ila ringi zimechoka. Niliahirisha kila kitu, nikabadilisha ringi na beringi kwanza, na kwa karibu mwaka mzima gari likabaki na farasi wake walewale. Ningefunga seti yoyote siku ile, iwe ya tabo au ya supachaja, ile silinda ya nne isingedumu.

Kazi ya vifaa hivi viwili ni moja: kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe, ili petroli nyingi zaidi iungue. Tofauti ni nani anaigharamia kazi hiyo. Tabo, wazo ambalo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905, ina mapangaboi mawili kwenye shafti moja. La kwanza linazungushwa na moshi wa eksozi, la pili linasukuma hewa, na shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Supachaja inachota nguvu yake kwa mkanda kwenye krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ile ya aina ya Roots, yenye rota mbili zinazopishana ndani ya boksi, asili yake ni mashine ya kupulizia hewa ambayo ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza mwaka 1860, kabla magari ya petroli hayajakuwepo.

Tuseme ukweli wa upande wangu kwanza, kwa sababu wapenzi wa supachaja tuna tabia ya kuuruka. Roots inapasha hewa joto kuliko tabo. Chukua presha ya baa 0.4, ambayo ndiyo seti nyingi za magari madogo huanzia hapo. Hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 30 itatoka kwenye Roots ndogo ikiwa na zaidi ya nyuzi 80. Tabo nzuri ingeitoa ikiwa na sabini na kitu. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo presha imepanda kwa asilimia 40 lakini uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda haujapanda hata kwa asilimia 20. Ukiipitisha kwenye intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa, ikashuka mpaka nyuzi 45, unafika asilimia 33 hivi. Kwa hiyo seti ya supachaja isiyo na intakula inakuuzia geji inayopanda na joto juu yake, na mimi singeinunua hata ingeuzwa nusu bei. Juu ya hayo kuna nguvu ambayo mkanda wenyewe unaila kabla haijafika kwenye magurudumu. Kwa farasi watupu, tabo imeshinda. Sina ubishi hapo.

Lakini injini ya zamani haiuawi na uchache wa farasi.

Rafiki yangu ana gari kama langu, injini ileile. Yeye alifunga tabo ndogo, kazi safi, presha imewekwa baa 0.5, na gari lilikuwa tamu kweli. Kinachoizuia tabo isipandishe presha kupita kiasi ni westigeti, mlango mdogo unaoachia moshi upite pembeni. Mlango huo unafunguliwa na kopo dogo lenye kiwambo, na kopo linapata habari za presha kupitia kibomba cha mpira chembamba kama kalamu. Kibomba chake kilikuwa kimepita karibu mno na manifoldi, bomba linalopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini. Mpira ukakauka, ukapasuka kwenye shingo. Kopo halikupata tena presha yoyote, mlango haukufunguka, na tabo ikafanya kile ambacho tabo hufanya isipozuiwa. Nilikuwa nimekaa kiti cha abiria. Tulikuwa gia ya tatu tukipanda mlima, na niliona mshale wa geji ukipita 0.5, ukapita 0.8, ukaenda kugusa 1. Kwa sekunde mbili gari lilivuta kama halijawahi kuvuta. Kisha nikasikia sauti ambayo sitaisahau, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo la bati. Aliinua mguu mara moja, lakini moshi wa buluu ulikuwa umeshaanza nyuma yetu. Tulipofungua injini, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imemeguka kipande kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipana kama ukucha wa kidole gumba.

Tukisema injini imenoki huwa tunamaanisha imekufa. Neno lenyewe linatokana na ule mgongano: petroli na hewa vinalipuka vyenyewe kabla ya wakati au pembeni ya moto wa plagi, na pistoni inapigwa nyundo badala ya kusukumwa. Joto na presha ndiyo chakula cha mgongano huo, na injini isiyotengenezwa kwa ajili ya tabo haina akiba kubwa. Ya kwetu ina uwiano wa mgandamizo, yaani mara ngapi pistoni inaibana hewa ndani ya silinda, wa 9.4 kwa 1. Toyota walipoiwekea MR2 supachaja mwaka 1986 waliushusha uwiano mpaka 8 kwa 1 kwa pistoni tofauti, wakaweka na klachi ya sumaku ili supachaja ipumzike unapoendesha taratibu. MR2 iliyofuata ikapewa tabo. Kiwanda kinaweza kuchagua upande wowote kwa sababu kinaanza na pistoni. Sisi tunaanza na pistoni zilizomo.

Mfano ninaoupenda ni Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, mojawapo ya magari mawili ya kwanza kuuzwa kwa umma yakiwa na tabo. Uwiano wake uliachwa juu, 10.25 kwa 1, na ili injini isigonge walitia tangi la maji na methanoli vilivyokuwa vikinyunyizwa presha ikipanda. Tangi likikauka, mtambo ulizuia presha. Wenye magari walikuwa hawalijazi, wakalalamika gari halina nguvu, na mwishowe kampuni ikawaondolea tabo wengi wao na kuwafungia kabureta ya kawaida. Kampuni kubwa kabisa ya Marekani ilikwama kwa sababu usalama wa injini ulitegemea kitu kidogo kilichohitaji kukumbukwa kila wiki. Kibomba cha rafiki yangu ni hadithi hiyohiyo.

Hapa ndipo mkanda uliponivuta. Presha ya supachaja ya Roots inaamuliwa na ukubwa wa puli, gurudumu linalopitiwa na mkanda. Rota zikizunguka kiasi fulani kwa kila mzunguko wa krankshafti, zinasukuma hewa kiasi kilekile leo, kesho na keshokutwa. Hakuna kopo, hakuna kibomba cha kupasuka kikaiacha presha ipande hadi mbinguni, na hakuna kitufe ndani ya gari cha kukushawishi usiku ukiwa na marafiki. Ukitaka zaidi, utalala kwenye gereji na spana, ufungue puli na kufunga ndogo zaidi. Huo muda wa kufungua nati ni muda wa kufikiri. Na mkanda ukikatika, mara nyingi unabaki na injini ya kawaida isiyo na nguvu ya ziada. Unarudi nyumbani polepole, ilimradi mkanda huohuo hauzungushi pampu ya maji.

Joto nalo lina upande wa pili. Tabo inapasha hewa kidogo kuliko Roots, lakini inaweka kipande cha chuma chenye mamia ya nyuzi katikati ya nyaya na mipira ambayo kiwanda hakikuipanga kukaa na jirani huyo. Chuma kinatanuka na kusinyaa kila safari, na nati zinazoshika tabo kwenye manifoldi hulegea zenyewe. Kwa MX-5 hili ni tatizo linalojulikana sana, watu wanatumia boliti za aloi maalumu na bado wanazikagua. Tabo pia inahitaji oili, na oili ikishatoka humo inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu. Bomba la kurudisha oili lazima liwe pana na literemke moja kwa moja. Fundi akiliacha lilegee tumbo katikati, oili inajaa kwenye tabo, inapita kwenye sili, na unaanza kulaumu ringi ambazo hazina kosa. Supachaja nyingi ndogo za Roots zina oili yao wenyewe ndani na hazihitaji kutoboa sampu.

Halafu kuna mguu. Hili ndilo lililonishawishi zaidi, ingawa halipimiki kwa geji. Gari dogo la spoti la zamani hatulipendi kwa mbio, kwa sababu gari la kawaida la leo linaweza kuliacha. Tunalipenda kwa sababu ukikanyaga kidogo linajibu kidogo, ukikanyaga zaidi linajibu zaidi, na katikati ya kona unaweza kulisogeza mkia kwa vidole vya mguu. Tabo za leo, zikichaguliwa ndogo, hazichelewi kama zile za zamani, nakubali. Lakini bado kuna ule ufa kati ya kuomba na kupewa, na kwenye kona iliyolowa ufa huo unakuja na nguvu wakati ambao hukuuomba. Nikiendesha la kwangu sasa, ni kama kiwanda kiliniwekea injini ya lita 2. Tabia ni ileile, ila mwili umeongezeka.

Kuna ninapobadili msimamo. Kama injini imejengwa upya kwa pistoni za kufuliwa (forged), zilizo imara kuliko za kiwandani, na konrodi imara, na unataka farasi maradufu, nenda na tabo, usipoteze muda na mkanda. Kama unaishi na kuendesha kwenye miinuko mikubwa, tabo inafidia hewa nyepesi kuliko supachaja yoyote. Na kama gari ni Honda S2000, inayozunguka hadi 9,000 ikiwa na uwiano wa 11 kwa 1, ningefikiria supachaja ya sentrifyugo, ambayo presha yake inapanda pamoja na mizunguko na haizikandamizi konrodi mizunguko ikiwa chini. Kwenye MX-5 singeiweka. Inatoa kilele juu kabisa, mahali ambapo barabarani unafika mara chache.

Mkanda wenyewe una mtego wake, na anayenisikiliza aujue kabla hajalipa. Injini za lita 1.6 za miaka ya kwanza kabisa ya MX-5 zilikuwa na pua fupi kwenye krankshafti, na kabari inayoshika puli ililegea na kuila pua hiyo. Mazda waliibadilisha mwaka 1991. Gari likiwa la kabla ya hapo, liangalie puli la chini injini ikiwa inanguruma taratibu: likiyumba, usiongeze mkanda wowote wa kulivuta.

Vingine ni vilevile pande zote mbili. Pampu ya petroli na nozeli kubwa zaidi, kwa sababu chini ya presha unataka mchanganyiko mzito, karibu hewa 12 kwa petroli 1 badala ya 14.7. Kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya, na mtu anayejua kuchelewesha moto wa plagi. Klachi itaanza kuteleza, na ukiwa na ile difu ndogo ya 1.6, gia zinazogawia magurudumu ya nyuma nguvu, usifanye mwondoko wa fujo.

Puli ndogo zaidi ninayo. Ilikuja ndani ya boksi pamoja na seti, imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta, na iko kwenye droo ya chini ya meza ya spana. Inakaa pale mpaka siku nitakaponunua konrodi.